Tundu Nyuma ya Pampu

Fundi wa umeme ambaye mtaa mzima ulimwita Volti hakuwahi kuogopa waya hata siku moja. Maji ndiyo yaliyomnyima raha. Yakimpita magoti tu, pumzi ilianza kukatika. Basi kaka wa mkewe alipomwomba amhamishie pampu ya kuoshea boti yake ya uvuvi, swali lake la kwanza lilikuwa moja.

"Boti itakuwa majini au nchi kavu, shemeji?"

"Itakuwa juu ya magogo, bwana," shemeji akamjibu huku akicheka. "Hata unyayo hautalowa."

Pampu yenyewe ilikuwa ndogo, ya betri, ukubwa wa chupa ya chai. Ilivuta maji ya nje kupitia koki iliyopachikwa nyuma ya boti, kisha ikayarusha kwa mpira ili kuosha damu na magamba ya samaki. Walioiweka mwanzo waliifunga chini kabisa karibu na koki hiyo, mahali ambapo kila tone lililoingia botini lilikimbilia. Waya zake zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Shemeji alitaka ihamie mbele, chini ya ubao wa kukalia, ifungwe ubavuni, karibu na sanduku la samaki.

Volti alifika asubuhi, na shemeji akamwacha hapo akaenda kutafuta mafuta ya injini. Kazi ilimnyookea. Aliifungua pampu, akaikwangua kutu, akakata ncha za waya zilizoliwa, akaunga mpya na kuzifunga tepu vizuri. Akapitisha mpira mrefu kutoka kwenye koki hadi mbele. Mwisho akaweka kipande cha ubao kiwe kitako cha pampu, akaanza kukitoboa ili bolti ziingie kwenye mbavu za boti, pale penye mti mnene.

Tundu la kwanza likaenda sawa. La pili na la tatu hali kadhalika. Kwenye la nne mgongo ulishachoka kwa kuinama, akaiegemea drili kwa kifua. Ghafla ikazama kwa wepesi, kama kidole kwenye papai bivu.

Akaichomoa. Mwanga wa jua ukaingia kupitia tundu, mwembamba, ukamwangukia mkononi.

Alikuwa amekosa ubavu na kutoboa boti yenyewe, tena chini, mahali ambapo pangekuwa ndani ya maji. Akachungulia nje: tundu la ukubwa wa kidole cha mwisho, na ubao umepasuka kidogo pembeni yake. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Akalijaza silikoni, akakaza bolti fupi juu yake, akaifunga pampu, kisha akatoka nje na kupaka silikoni nyingine akiisawazisha kwa kidole gumba. Nitamwambia akirudi, alijisemea.

Shemeji alirudi na dumu la mafuta begani. Akainama chini ya ubao, akaitikisa pampu, haikuyumba.

"Unaona sasa! Mimi nilimwambia dada tangu zamani, huyu mwanamume ana mikono. Kwa nini unadhani nilikubali umwoe?"

Volti akacheka kicheko kikavu. Maneno aliyokuwa ameyaandaa yakarudi tumboni.

Mchana uleule shemeji akaita wenzake wanne, wakaisukuma boti hadi ikaelea.

"Panda tukaijaribu."

"Mimi? Mimi kazi yangu nimemaliza."

"Fundi gani anayekimbia kazi yake? Panda, dakika ishirini tu."

Akikataa, ataulizwa sababu. Akikaa kimya, shemeji ataondoka peke yake ndani ya kitu chenye tundu. Akapanda. Akakaa mbele, juu ya ubao ule, miguu ameibana kama anayezuia mlango usifunguke.

Nchi kavu ikasogea nyuma haraka kuliko alivyopenda. Watu wakawa wadogo, kisha wakawa madoa. Shemeji alipunguza mwendo, akawasha swichi. Pampu ikanguruma, ubao ukatetemeka chini ya makalio ya Volti, na maji yakaruka kwenye mpira kwa nguvu.

"Haya ndiyo mambo!" shemeji akapiga kelele, akiosha sanduku, akiosha pande, akimrushia Volti matone usoni kwa utani.

Volti hakuwa akimtazama. Alikuwa ameinama. Chini ya kitako cha pampu palikuwa na mstari wa unyevu. Pampu iliendelea kutetemeka, na mstari ukawa uzi, na uzi ukaanza kung'aa.

"Mbona kuna maji hapa chini?" Shemeji alitazama miguu yake. "Mpira umeachia au nini?"

Akazima pampu, akazima na injini. Shemeji akapiga magoti nyuma, akapapasa koki, akakaza vibanio vya mpira, akapapasa tena.

"Huku hakuna tatizo. Yanatoka wapi haya?"

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Yalikuwa ya baridi, na mafuta mafuta juu yake. Volti akawaza watoto wake. Akawaza jinsi mkewe atakavyopelekewa habari ya mume na kaka kwa pamoja.

"Shemeji," akasema. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nilitoboa. Nyuma ya pampu. Drili ilipita, nikaziba na silikoni, nikanyamaza."

Shemeji alimtazama. Alichukua brashi ya kusugulia, akavunja mpini kwa goti, akachomoa kisu na kuanza kuuchonga ncha.

"Ng'oa pampu," akasema kwa sauti ya chini. "Haraka. Na usiilowanishe."

Volti akapiga magoti majini. Ili aone bolti za chini ilimbidi alaze shavu juu ya maji, na kila boti ilipoyumba yalimwingia puani. Spana ikamponyoka. Akaitafuta chini kwa kupapasa, akilia bila kujua kama analia. Ya kwanza ikatoka. Ya pili. Ya tatu. Akaipakata pampu kifuani kama mtoto mchanga, akamkabidhi shemeji, akarudi kwenye ile ya nne.

Alipoing'oa, silikoni yote ikafuata, na maji yakampiga kifuani kama bomba lililopasuka. Alipiga yowe. Kisha, bila kufikiri, akachomeka kidole chake tunduni. Mpasuko wa ubao ukamng'ata ngozi.

"Shikilia hapohapo!"

"Nimeshikilia! Fanya haraka, shemeji, nakuomba!"

Shemeji alichana kipande cha fulana yake, akakizungushia kwenye kijiti. "Nikihesabu tatu, toa." Akahesabu, Volti akatoa, kijiti kikaingia. Shemeji akakigongelea kwa kitako cha spana mpaka maji yakabaki jasho tu pembezoni.

Boti ilikuwa nzito sasa, mawimbi madogo yakilamba ukingo. Volti akaona la kufanya, na hilo angalau lilikuwa la fani yake. Akafunga koki, akachomoa mpira uliotoka hapo na kuutumbukiza kwenye maji yaliyojaa ndani ya boti. Akainyanyua pampu juu ya magoti yake, akawasha swichi. Ikanguruma. Maji yaliyoingia yakaanza kutupwa nje, na shemeji akasaidia kwa ndoo. Kisha shemeji akawasha injini, wakarudi.

Walipofika nchi kavu, Volti alishuka. Alikaa mchangani akiwa ameloa tepetepe. Shemeji alikuja kusimama mbele yake.

"Ungeniambia lini?"

"Ulinisifu, nikashindwa."

"Kesho ningetoka peke yangu, mbali, siku nzima. Hilo ulilijua?"

Alilijua.

Nyumbani alimweleza mkewe mwenyewe, kabla ya kaka yake kufika. Mkewe alimwekea chai bila kumwangalia kwa siku tatu.

Fundi seremala alibadilisha ubao ule, akaukalafati kwa pamba maji yasipenye. Wiki mbili baadaye shemeji akampigia Volti simu, kavu, bila salamu ndefu: "Njoo uifunge pampu." Alikwenda. Alizungusha tepu kwenye drili kuonyesha mwisho wa kina, na kila tundu lilipokamilika alitoka nje kupapasa ubao kwa kiganja. Shemeji alikaa karibu muda wote, akitazama.

Boti iliposukumwa majini, hakuna aliyemwambia apande. Volti alikunja suruali, akaingia maji ya mapajani huku meno yakigongana, akajivuta ndani. Alikaa mbele, ameukumbatia ubao kwa mikono miwili.

"Washa," akasema.