Swali Lililopitia kwa Shemeji

Watu wakisikia naandika habari za michezo wanadhani nashinda uwanjani nashangilia. Wapi! Bao linafungwa, mimi nimekodolea macho mabango: kampuni gani imelipia, nani kauziwa haki za kuonyesha mechi kwenye televisheni. Dada yangu husema mimi ni wa kwenda harusini kuuliza mkataba wa ukumbi, nikamsahau bibi harusi.

Mumewe, shemeji yangu, ni mkalimani wa shirikisho la kimataifa. Hukaa peke yake kwenye kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi. Ndiye aliyeninong'oneza kwamba, siku wajumbe walipopigia kura mkataba wa televisheni, mama mmoja alisimama kupinga kwa Kiswahili. Msaidizi wa mwenyekiti akaingia kibandani, akazima swichi ya maikrofoni ya shemeji, akasimama pale mpaka mama akamaliza. Wageni wakadhani mitambo mibovu, wakapiga makofi ya adabu.

"Shemeji, aliyeona ni mimi tu," aliniambia. "Tafuta mtu mwingine akuthibitishie. Ukiropoka, kazi sina, na dada yako utamlisha wewe."

"Dada yangu, anavyokula? Nimefunga mdomo."

Niliufunga hadi mkutano na waandishi. Mwenyekiti, ambaye Kiswahili hajui hata cha salamu, alikuwa mbele anatabasamu. Shemeji alikuwa kibandani. Yule mama alikaa kiti cha mbele.

"Mjumbe aliyepinga alisikilizwa na wenzake wote," mwenyekiti akasema, kwa sauti ya shemeji masikioni mwetu. "Hoja yake haikuwa na uzito."

Mama akainamisha kichwa. Damu ikanichemka. Maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu.

"Mheshimiwa, walimsikiaje ilhali msaidizi wako aliingia kibandani akazima swichi?"

Neno lilipotoka tu, nikakumbuka ahadi yangu. Nilikuwa nimemtaja shemeji bila kumtaja. Na swali lenyewe, ili limfikie mwenyekiti, lazima lipite kwa shemeji huyo huyo.

Mwenyekiti akagonga hedifoni yake kwa kidole. Nikageuka. Nyuma ya kioo shemeji alikuwa ananitazama kama mtu aliyekanyagwa na ndugu yake mwenyewe. Geuza, nikamwomba moyoni. Muulize hali ya hewa! Muulize ana wajukuu wangapi!

Nikahamisha hedifoni yangu kwenye lugha ya mwenyekiti. Kile kidogo nilichoambulia shuleni kilitosha. Alitafsiri lote. Swichi, msaidizi, hata kejeli yangu.

Mwenyekiti akaiva uso. Nikarudi kwenye Kiswahili kusikia jibu lake.

"Nani amekuambia?" shemeji akaniuliza. Yeye! Kwa sauti tulivu, kama hanijui.

"Hilo sijibu, mheshimiwa. Jibu wewe la swichi."

Akalitafsiri na hilo. Mwenyekiti hakunitazama tena. Macho yake yalipaa juu ya vichwa vyetu mpaka kwenye kioo. Akasema maneno machache.

"Mtoeni mkalimani huyo," shemeji akatafsiri. "Sasa hivi."

Nikasikia mlango, kisha hedifoni zikafa.

Mama akasimama. "Kwa hiyo siku ile niliongea na ukuta? Nilisema mkataba huu unatufungia watoto wetu nje! Hawataona hata mechi moja bila kulipia!"

Waandishi wa kigeni wakatazamana. Hakuna aliyeambulia kitu.

Shemeji alikuwa anapitishwa kando ya viti, mlinzi nyuma yake. Alipofika alipo mama, akasimama. Akaanza kutafsiri maneno ya mama kwa mdomo mtupu, kwa sauti ya kufika ukuta wa nyuma. Kalamu zikaanza kukimbia. Mama akaelewa, akaendelea, safari hii polepole, akimsubiri.

Mlinzi akamshika shemeji mkono, akamvuta.

"Niache nimalize," shemeji akasema, kwa lugha ya mwenyekiti.

Hilo mama hakulisema. Lilikuwa la shemeji mwenyewe.