Kochi la Sajenti Ogwal

Jamani, kuna makochi machafu, halafu kuna kochi la Sajenti Ogwal wa Makindye. Katembo husafisha makochi kwa mkono, nyumba hadi nyumba, kuanzia kwake Kyebando hadi kokote anakoitwa, na machafu ameyaona. Lakini mbele ya hili alisahau hata kusalimia. Mahameli ile iliwahi kuwa ya kijani, Mungu ndiye shahidi, ila sasa ilikuwa rangi ya barabara. Watoto wote wa nyumba hiyo walikulia humo. Mbwa alizalia humo. Na pale kwenye mkono wa kulia wa kochi, Sajenti anapoegemea kila jioni akila, odii, ile siagi ya karanga na ufuta wanayoipenda watu wa kwao kaskazini, ilikuwa imegandamana tabaka juu ya tabaka.

"Wewe Mukongo," Sajenti akasema, mikono nyuma, "unataka binti yangu?"

"Ndiyo, afande."

"Saa kumi ndugu zangu wanakuja kuniuliza wewe ni mtu gani. Mimi sijui. Nasikia tu Wakongo wanajua kuvaa na kucheza muziki. Wakikuta hii kochi safi, nitawaambia unajua kazi. Wakikuta uchafu, rudi Kyebando, na Atoo usimpigie simu tena."

Mwingine angenuna. Katembo alifurahi nusura aruke! Angeambiwa achimbe kisima, angekwama. Lakini kochi? Akavua shati lake lililopigwa pasi, akalining'iniza mlangoni, akamkonyeza Atoo aliyekuwa anachungulia kutoka jikoni, akaanza.

Kwanza alitandika shuka lenye unyevu juu ya kochi, akalicharaza kwa fimbo. Vumbi lilipanda likanasa kwenye shuka, badala ya kutimka nyumba nzima. Odii akaikwangua kwa mgongo wa kijiko, taratibu, kisha akanyunyizia unga wa muhogo unyonye mafuta. Nyuma ya kochi, mahali pasipoonekana, akajaribu sabuni kidogo aone kama rangi itatoka. Haikutoka. Hapo ndipo akachukua beseni, akapigapiga maji ya sabuni kwa mkono mpaka povu likasimama lenyewe kama ugali.

Sajenti alikuwa anazunguka nyuma yake, roho juu, akitazama saa. Hatimaye uvumilivu ukamwisha. Akatoka nje, akarudi na ndoo imejaa pomoni.

"Unapapasapapasa nini? Kambini sisi tunaosha hata lori. Sogea, nimwage!"

Weee! Maji yale yangeingia mpaka kwenye sponji na mbao, na kesho yake mahameli ingechorwa miduara ya njano isiyotoka milele. Lakini huyu si mteja. Huyu ni baba yake Atoo, na baba wa mchumba humbishii, humkatizi, sembuse kumgusa. Ndoo ilikuwa inainuliwa. Katembo akaikamata kwa mikono miwili.

"Hapana, mzee. Ukimwaga, limekwisha."

Jikoni, Atoo alijishika kichwa. Sajenti alivuta ndoo, Katembo akavuta, maji yakawalowesha wote wawili miguu.

"Tangu niingie polisi," Sajenti akasema polepole, "raia hajawahi kuninyang'anya kitu."

"Nisamehe, mzee. Nataka binti yako sana. Ndiyo maana siwezi kukuacha uliharibu." Katembo akaitua ndoo chini. "Lete mkono."

Akalichota povu lile kwa sponji, povu tupu bila maji, akampa Sajenti, akamshika kiganja. "Anza pembeni ya doa, uje katikati, lisitanuke. Zungusha. Usikandamize." Kisha kitambaa kilichokamuliwa mpaka basi. Kikapita, kikatoka cheusi tititi. Na chini yake, loo, kijani!

"Eeh!" Sajenti akachuchumaa. "Hii ndiyo rangi yake? Nilikuwa nimesahau. Lete tena hiyo povu."

Basi tena, nani angemzuia? Mzee akavua soksi, akashika mkono wa kulia wa kochi, akakataa mtu mwingine kuligusa doa lake. Alisugua, aliimba, alimwita mkewe kila mara aje aone kitambaa kilivyochafuka. Mwishoni Katembo akabonyeza taulo kavu kila mahali, akalaza manyoya ya mahameli upande mmoja kwa brashi, akafungua madirisha yote.

Saa kumi ilipogonga, Ocira, kaka mkubwa wa Sajenti, aliingia mbele ya wenzake, amechoshwa na kilima cha Makindye, akaenda moja kwa moja kwenye kochi, akageuka ili aketi.

"Simama!" Sajenti akanguruma. Mzee Ocira akabaki ameinama, makalio hewani. "Hakuna mtu kukaa!"

"Mbona? Nyumbani kwako siruhusiwi kukaa?"

"Hiyo kochi bado mbichi. Mtasimama wote mpaka mkwe wangu aseme imekauka."

Wazee walitazamana. Jikoni sufuria ilianguka, na Atoo hakujisumbua kuiokota. Wote wakamgeukia yule kijana kifua wazi, mapovu mpaka kwenye nyusi, naye akaupitisha mkono juu ya mahameli polepole, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na hakutaka wayaone.

"Bado kidogo, baba," akasema.