Upande wa Mnyama

Nilimwambia mume wangu kwamba uzio ni wa kondoo. Hatukuwa na kondoo, wala hatujawahi kuwa nao. Delmar alifuga ng'ombe katika vilima hivi vya Nebraska tangu ujana wake, na kondoo aliwadharau kupita kiasi. Lakini mtu aliyeanza kusahau jina la binti yake, utamwambiaje kwamba uzio ni wa kumzuia yeye?

Mwezi Machi alitoka na nguo za kulalia, jirani akamkuta anatembea juu ya barafu ya mto, nayo imeshaanza kupasuka. Binti yetu Joanne alifunga safari kutoka Omaha siku hiyohiyo.

"Mama, akitoka tena mara moja tu, nampeleka nyumba ya wazee."

"Baba yako akafungiwe chumbani? Atakufa kabla ya mavuno."

"Na akizama mtoni je?"

Nikanunua nguzo za mierezi na waya wa matundu. Mbao tupu zingemzuia vilevile, lakini nilitaka aendelee kuviona vilima vyake.

"Kondoo?" Delmar alicheka nilipomwonyesha mzigo kwenye pikapu. "Bibie, umezeeka vibaya. Si ungoje nife kwanza ndiyo ulete hao wadudu?"

"Wanakuja ukiwa hai. Chimba, acha mdomo."

Akachimba. Mungu wangu, alichimba! Mtu ambaye asubuhi ilibidi nimvalishe viatu, alivuta kamba ikanyooka, akasimamisha nguzo, akashindilia udongo, akaweka mihimili ya kona bila kuniuliza kitu. Nilizionea wivu hizo nguzo zake. Alizikumbuka vizuri kuliko alivyonikumbuka mimi.

Tulipofika kwenye waya akasimama, nyundo mkononi. "Kondoo watakaa upande gani?"

Huku kwetu hilo halina mjadala. Waya hupigiliwa upande alipo mnyama, ili akisukuma aubane kwenye nguzo. Ukiupigilia upande wa pili, akisukuma anaing'oa misumari. Lakini ningesema kondoo watakaa ndani, angetaka kujua wanatafuta nini kibarazani kwetu.

"Nje," nikasema. "Tunawazuia wasile maua yangu."

"Basi waya nje."

Nilijua tunakosea, nikamshikia waya. Nikajipa moyo kwamba hatasukuma.

Alisukuma. Wiki hiyohiyo, nikiosha vyombo, nilisikia honi ya lori. Nilipotoka nikakuta waya umelala kwenye nyasi na Delmar amesimama katikati ya barabara kuu, anamwambia dereva azime injini, eti anawatisha ng'ombe. Nikamshika mkono nikamrudisha. Joanne sikumwambia, lakini Jumapili angekuja kuuona uzio, na angeelewa kwa kutazama tu. Usiku ule nilikosa usingizi kwa hofu.

Asubuhi niliamshwa na nyundo. Delmar alikuwa ameshaung'oa waya wote wa mbele, anaupigilia upya kwa ndani. Viatu alikuwa amevaa mwenyewe.

"Unafanya nini, mzee?"

"Nasahihisha uongo wako." Hakugeuka. "Kondoo siwaoni. Waya umesukumwa kutoka huku, na bega langu limejaa mikwaruzo. Mnyama yuko ndani, Lorna."

Nikaokota kopo la misumari kwenye nyasi.

"Nipe misumari," akasema. "Mambo yakinipotea tena nitasukuma kwa nguvu zote, unanijua. Na komeo la geti liwe nje, chini kabisa. Magoti yangu hayakunjiki."

"Delmar, sikutaka ujue."

"Najua. Acha kulia juu ya misumari, itashika kutu."

Nikacheka huku nalia, nikampa. Yeye alipigilia ya juu, mimi ya chini. Tulifanya kazi hadi mchana, ananitukana kila ninapopinda msumari, na sikumbuki siku niliyompenda zaidi ya ile.

Tulipomaliza alinituma nje nijaribu komeo. Yeye akabaki ndani, akauegemea waya kwa bega, akausukuma kwa uzito wake wote. Haukutoka hata msumari mmoja.

"Umeshika," akasema.

Akabaki pale, vidole kwenye matundu, anatazama vilima. Mimi nikamtazama yeye. Niliiona saa ile akili yake ilipoondoka, na sikuweza kuizuia.

"Samahani, dada," akaniambia kwa adabu. "Fensi nzuri sana hii. Unamjua aliyeijenga?"

"Namjua."

"Mwambie ana mkono mzuri. Na hao kondoo wanakuja lini?"

"Kesho," nikasema.

Nikafungua geti, nikaingia. Nikapiga magoti, nikapenyeza mkono kwenye waya hadi kwenye komeo la nje, nikatufungia wote wawili.