Maziwa ya Mti wa Fundi Saa

"Mimi hata nikipanda mpini wa jembe, unachipua!" Shangazi alipenda kujigamba ngazini kila alipokutana na mtu aliyebeba mche. Kisha, kabla mtu hajamaliza kustaajabu, anaongeza mwenyewe: "Ila sijawahi kupanda kitu. Ndiyo maana sijawahi kushindwa."

Jengo zima lilimwita Shangazi, hata mlinzi wa getini ambaye alimzidi umri. Juu ya chumba chake aliishi kaka yake, fundi saa, mjane mwenye maneno machache na bisibisi nyembamba kama sindano. Siku alipobebwa kupelekwa hospitali, fundi hakuulizia shuka wala viatu. Alimwambia dada yake jambo moja tu: "Mti wangu usilale na kiu."

Mti wenyewe ni ule wanaouita bonsai: mtini unaolelewa kwenye sahani ya udongo, ukikatwakatwa na kufungwa waya usirefuke, mpaka unakuwa na shina la kizee na kimo cha birika. Fundi aliulea tangu mkewe yu hai. Majani yake yalikuwa madogo kama kucha za mtoto.

Shangazi akaitikia kwa moyo wote. Akafua mashuka, akachemsha supu, akapanda na kushuka na vyombo, akagombana na manesi na kupatana nao. Mti ulikuwa nyuma ya pazia la sebuleni kwa kaka yake, na mti hauna mdomo wa kubisha hodi. Alipokuja kulifunua pazia, kilele chote kimekauka, majani yamemwagika dirishani kama makapi ya chai.

"Ole wangu," akasema. "Nimeua mtu."

Wala hakutia chumvi. Kule wodini fundi saa alikuwa amesusa chakula. Kilichomfungua kinywa ni habari za mti tu: Shangazi akisema mti haujambo, atameza vijiko kadhaa, akinyamaza, anageukia ukutani. Na nesi alishasema waziwazi kwamba mzee huyu asipokula, dawa hazitamsaidia kitu. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini?

Kwanza alifanya wanachofanya wakosaji wote: alizidisha. Akaumwagia mti maji mpaka sahani ikafurika. Akautia mbolea kiganja kizima. Akausogeza juani upate nguvu. Majani machache yaliyosalia nayo yakaanza kuaga. Hapo ndipo alipomwita muuza miche wa pale barabarani.

Muuza miche, mama wa makamo mwenye udongo chini ya kucha, aliuzunguka mti polepole.

"Nani kaupa mbolea hii?"

"Mlinzi," Shangazi akajibu upesi.

"Basi kamwambie mlinzi, mwenye kiu hashindiliwi nyama."

Akakwarua gome kwa ukucha. Juu kabisa, kahawia. Akashuka kidogo, kahawia. Akakata kijiti, kikavunjika kwa mlio, hakuna hata unyevu.

"Mtini ulio hai ukiukata unatoa maziwa," akasema. "Huu umeanza kufa juu, halafu kifo kinashuka."

Akaendelea kukata, na kila mkato Shangazi alifumba jicho moja. Alipofika nusu ya shina, tone jeupe likachungulia, dogo kama chozi la mtu mwenye haya. Muuza miche akaacha kukata. Akafungua waya uliokuwa umelikaba shina, akaondoa ule udongo wa mbolea akatia mwingine, akauweka mti pasipo jua kali.

"Na mimi sasa nifanye nini?" Shangazi akauliza.

"Usifanye kitu."

"Kitu gani?"

"Kutofanya kitu, Shangazi! Udongo ukikauka, unyweshe kidogo. Basi. Ukitaka kuishi utachipua hapa chini. Usipotaka, hata ukiupigia magoti."

"Na kilele je?"

"Kilele kimekwenda. Labda siku moja tawi la chini lifundishwe kusimama mahali pake. Hiyo ni miaka, dada yangu."

Shangazi alikuwa amefanya kazi nyingi duniani, lakini hakuwahi kupewa ngumu kama hiyo. Kila asubuhi alikaa mbele ya kile kisiki, mikono mapajani kama ya kuazima. Uvumilivu ukimwisha, anakwarua gome kidogo, kuhakikisha tu. Mara hii kijani kiko chini ya mkato. Mara nyingine kimeshuka zaidi. Akawa haelewi kama anautafuta uhai au anaufukuza kwa ukucha wake mwenyewe.

Na kule wodini, jioni kwa jioni, swali lilikuwa lile lile.

"Kilele kikoje?"

"Kimefunga kama mwavuli, kaka. Ndege wanaulizia kodi."

Fundi anatabasamu, anafungua mdomo, supu inaingia. Lakini jioni moja, baada ya kumeza, akasema, "Kesho niletee jani moja. La kileleni."

Kesho yake Shangazi alisimama mbele ya mti kwa muda mrefu. Majani yaliyobaki yalikuwa ya manjano, na machache mno. Kuchuma moja ilikuwa kama kumnyang'anya mgonjwa pumzi. Akaondoka mikono mitupu. Nje ya lango la hospitali, ubavuni mwa ukuta, palikuwa na ua wa vichaka vyenye majani madogo yanayong'aa. Mtu mmoja alikuwa akiupaka ukuta chokaa huku akipiga mluzi. Shangazi akatazama kushoto, akatazama kulia, akachuma.

Fundi saa alilipokea jani kwa viganja viwili. Kisha akanyoosha mkono kwenye kidroo cha pembeni, akatoa kile kioo chake cha kubana jichoni, cha kutazamia vyuma vya saa. Wengine huenda hospitali na picha za watoto wao. Shangazi alikuwa amekisahau kabisa kioo hicho.

"Hili doa jeupe ni la nini?"

"Maziwa, kaka!" Alikuwa tayari ameinua kijiko. "Maziwa ya mti. Mtini ukinenepa yanamwagika yenyewe. Ni uzima huo. Haya, fungua mdomo."

Fundi alilikwangua doa kwa ukucha, akalisugua kati ya vidole viwili. Likawa unga. Chini dirishani mluzi wa mpaka chokaa ulikuwa bado unaendelea. Akakitoa kioo, na jicho lililokuwa nyuma yake lilionekana dogo, limechoka.

"Dada," akasema taratibu, "mti wangu umeanza lini kutoa chokaa?"

"Mlinzi..." Shangazi akaanza. Kijiko kilibaki hewani, mbele ya mdomo uliofungwa.