Dirisha la Karakana

Mwongoza watalii alialikwa chuoni kuwatia moyo wanafunzi wa utalii, ilhali wake mwenyewe ulishamtoka zamani. Hoteli aliyofanyia kazi ilikuwa tupu, na bosi wake, mama mkali kama pilipili, wimbo wake ulikuwa ule ule: "Piga moyo konde, mwanangu, wageni watarudi!"

Basi akawamiminia wanafunzi maneno hayo hayo.

"Utalii haufi!" akapaza sauti, akinyoosha kidole dirishani kana kwamba wageni wanateremka garini.

Ng'ambo, kwenye karakana ya chuo, bosi wake alikuwa ndani ya ovaroli, anajifunza kuchomelea mageti.

Akashusha kidole polepole. Wanafunzi wakapiga makofi, wakidhani amemaliza. Akamwinamia mwalimu wao, akanong'ona:

"Samahani, mwalimu. Kule kwa mafundi, nafasi bado zipo?"