Njia ya Mshipa wa Paja

Mwaka ule mvua zilipoanza, Kiden alikuwa ameshazoea kulala ameketi. Akijilaza chali, pumzi ilimpaa kama mtu anayezama, kwa hiyo mumewe Laku alimpangia mito yote ya nyumbani nyuma ya mgongo, yeye akalalia mkono wake. Majirani wa mtaa wao wa Gudele, mjini Juba, walidhani ni pumu. Shangazi yake Laku, waliyekaa naye, alidhani ni mimba na alikuwa akifurahi kimya kimya. Robinah, Mganda aliyemuuzia vitambaa vya kushonea sare za shule, ndiye aliyemwambia bila kuzunguka.

"Dada, hii si pumu. Mdomo yako iko buluu. Twende kwa daktari yetu pale Amarat."

Daktari Edrine alikuwa Mganda pia, mtu mwembamba asiye na maneno mengi. Alimpaka Kiden mafuta ya baridi kifuani, akabonyeza kipimo chini ya ziwa la kushoto, akatazama kioo cha mashine kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama alipokuwa mtoto aliwahi kuumwa koo, halafu magoti na viwiko vikavimba.

Kiden alikumbuka. Walikuwa wakimbizi Adjumani, Uganda, ana miaka tisa. Mama yake alimbeba mgongoni wiki nzima kwa kuwa hakuweza kukanyaga chini. Alipewa vidonge vya maumivu, akapona, wakasahau.

"Nyinyi mlisahau, moyo haukusahau," Edrine alisema, akamgeuzia kioo. "Huu ni mlango mmojawapo wa moyo, unaitwa valvu. Una mapande mawili ya kufunguka na kufunga. Yako yameshikana pembeni. Damu inapita kwenye upenyo tu, nyingine inarudi kwenye mapafu, ndiyo maana hupumui."

"Kama tundu la kifungo lililoshonwa nusu," alisema Kiden.

"Ndivyo hasa. Kulifungua kuna njia mbili. Moja ni kupasua kifua, kuusimamisha moyo na kuweka valvu ya chuma. Nyingine ni ndogo. Tunaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, unapanda mpaka moyoni. Nchani una kipira. Kikifika mlangoni kinajazwa, kinabandua palipogandana, kinatolewa. Kesho yake unatembea. Si kila mgonjwa anafaa, lakini wewe unafaa: valvu yako bado laini, na ndani ya moyo hamna bonge la damu."

Akaandika jina lake kwa hospitali ya Kampala, tarehe ishirini Januari. Halafu akainua kichupa cha vidonge. Moyo wa Kiden ulikuwa ukidunda ovyo, alisema, na moyo wa namna hiyo hugandisha damu. "Usikose hata siku moja. Bonge likijijenga humo ndani, njia ndogo imefungwa."

Nyumbani shangazi hakukubali. "Moyo uko hapa," alisema akijigonga kifuani, "wao waingilie huku chini? Operesheni gani isiyoacha kovu? Mnachezewa."

"Shangazi," Laku alicheka, "hata Juba si lazima uingie kwa ndege. Unaweza kupitia Nimule mpakani, polepole, na bado ukafika."

Tarehe kumi na tano Desemba, siku ya Jumapili, risasi zilianza upande wa kambi ya jeshi. Kulipokucha zilikuwa Gudele. Kila nyumba watu walilala kifudifudi sakafuni, ila Kiden hakuweza. Kila alipojaribu alianza kukohoa povu. Siku mbili nzima alikaa wima ameegemea ukuta, risasi zikitoboa mabati juu yake, na Laku akaketi mbele yake, mgongo wake ukielekea dirishani. Shangazi, aliyekuwa chini ya kitanda, aliwasihi wote wawili walale. Laku hakutoka pale.

Jumatano asubuhi kulitulia kidogo. Kichupani vilibaki vidonge viwili. Jumatatu ile ya risasi ndiyo siku waliyotakiwa kwenda kuchukua vingine.

"Nakwenda Amarat narudi," Laku alisema.

"Acha. Siku mbili tatu haziniui."

"Daktari alisema hata siku moja."

"Daktari hakujua kutakuwa na vita!"

Laku alivaa viatu. Alimwambia shangazi amchemshie Kiden uji, akatoka kwa miguu. Saa sita ikapita, jioni ikaingia, hakurudi.

Ijumaa alikuja jirani yao Gune, dereva wa bodaboda, akasimama mlangoni bila kuingia. Alisema alimwona Laku kwenye kizuizi cha barabarani, Jumatano ile ile. Waliokuwa na bunduki walikuwa wakiuliza watu kwa lugha ambayo Laku hakuijua. Alijibu kwa Kiarabu chake kibovu cha mtu aliyekulia ukimbizini Uganda, kile ambacho hata watoto wa Gudele walimcheka nacho. Wakamvuta pembeni pamoja na wengine.

"Halafu?" Kiden aliuliza.

"Halafu mimi nikageuza pikipiki, dada. Nisamehe."

Gune akaongeza kwamba zahanati ya Edrine ilikuwa imefungwa kwa kufuli tangu Jumatatu, na daktari mwenyewe amekwisha kwenda kwao. Laku alikuwa ameifuata dawa ambayo haikuwapo.

Robinah alikuja na nafasi kwenye basi la Waganda waliokuwa wakikimbilia Nimule. Alisimama uani akilia, mzigo kichwani. "Kiden, twende. Tarehe yako iko karibu."

"Akirudi akute sipo?"

Basi likaondoka bila yeye. Kiden alimtafuta mumewe hospitalini, akamtafuta chumba cha maiti, akamtafuta katika kambi ya Umoja wa Mataifa iliyojaa watu na matope. Hatua kumi anatembea, anasimama, anavuta pumzi, kumi tena. Tarehe ishirini Januari ilipita akiwa amekaa juu ya jiwe nje ya geti la kambi, akisomewa orodha ya majina ya waliokimbilia ndani. Dawa yake haikupatikana mahali popote mjini.

Mwezi wa Februari miguu ilimvimba mpaka viatu vikamshinda. Shangazi, yule yule aliyekataa, ndiye aliyemfungia nguo zake na kumpeleka kwenye basi. "Nenda mwanangu," alisema. "Mimi nitakaa nimngoje."

Kampala alipokewa na Robinah. Hospitalini alipimwa na Daktari Lillian, mwanamke wa makamo. Alipomaliza kutazama picha, alivuta kiti akaketi karibu kabisa.

"Kuna bonge la damu moyoni, mama. Nikipitisha mrija nikaligusa, litang'oka liende kichwani. Kupasua kifua nako, kwa hali ya mapafu yako leo, naogopa hutaamka. Rudi kwenye vidonge, tungoje miezi, tutazame tena."

Kiden alingoja. Wiki ya tatu, alipokuwa akimenya matoke kwa Robinah, kisu kilimponyoka. Akainama kukiokota, mkono wa kulia ukakataa. Alitaka kumwita Robinah, mdomo ukaenda upande. Kiharusi kilimweka kitandani mpaka Mei. Maneno yalirudi taratibu, mguu ukarudi kwa kuburuta. Mkono ule wa kukatia na kushonea haukurudi.

Mwezi wa Agosti Lillian alimpima upya. "Bonge halipo," alisema.

"Dawa imeliyeyusha?"

Lillian aliitazama tena picha. "Labda kiasi. Lakini nadhani sehemu kubwa ndiyo iliyopanda kichwani ikakupiga mwezi wa tatu."

Kwa hiyo njia ndogo ikafunguka. Ilichukua chini ya saa moja. Kiden alikuwa macho. Alisikia mchomo kwenye paja, kisha moyo ukashtuka kama mtu aliyeguswa bega kwa nyuma, kisha pumzi ikaingia mpaka chini kabisa, mahali ilipokuwa haijafika kwa miaka. Aliogopa wingi wake.

Kesho yake Lillian alikuja kumruhusu. Sindano ya kila mwezi, ya kuzuia ule ugonjwa wa koo usirudi kuumiza moyo, aendelee nayo, alisema, na vidonge vile vile. Akatabasamu. "Na sasa hata ukitaka mtoto, moyo utamudu. Mwambie mzee."

"Mzee alikwenda kuniletea dawa," Kiden alisema. "Sijui alipo."

Daktari akaweka faili chini, akamshika ule mkono usiohisi, akakaa hivyo mpaka muuguzi alipomwita.

Yeye na Robinah walitoka kwa miguu, mlima ukiwa mbele yao, Kiden akiburuta mguu lakini hasimami kutafuta pumzi. Walipofika juu Robinah alimuuliza daktari amesemaje.

"Amesema nimepona."

Robinah akaangusha mfuko, akapiga vigelegele pale pale kando ya barabara, watu wakageuka kutazama. Kiden alimwacha amalize.