Mwalimu Aliyefunga Simu za Katoyi

Mwalimu Grégoire Ntirenganya alikuwa amekimbia mara nne maishani mwake, na kila mara alirudi na somo. Mwaka 1996 alitoka Rutshuru na godoro kichwani, akajifunza kwamba godoro si mzigo wa mtu anayekimbia. Mwaka 2002, lava ilipopita katikati ya Goma, alitoka na diploma yake ndani ya shati, na kwenye msongamano wa mpakani akapotezana na mke wake Valérie. Alimpata kesho yake tu, uani mwa kanisa moja la Gisenyi, upande wa Rwanda, kwa kuuliza watu kama wamemuona mama mrefu, mwenye kitenge cha kijani, anayebishana. Mwaka 2008, na tena 2012 waasi walipoingia mjini, alikimbia kwa utaratibu, kama mtu anayekwenda kazini.

Alipostaafu ualimu alinunua simu mbili za kugusa, yake na ya Valérie. Alisema sasa hata dunia ikipasuka hawatapotezana tena.

Wiki ya kwanza unité za kupigia ziliisha bila yeye kupiga. Aliichukua simu juu ya kabati, akakuta ujumbe unaomkaribisha Rwanda. Grégoire alitazama huku na huku. Alikuwa Goma, mtaa wa Katoyi, nyumbani kwake, amevaa kandambili. Mtu anayetaka kuvuka kwenda Gisenyi hupanga foleni, huonyesha karatasi, huulizwa anakwenda kwa nani. Simu yake ilikuwa imevuka ikiwa juu ya kabati, imekamata mawimbi ya minara ya upande wa pili, na kule ilikula mega za intaneti kwa bei ya ugenini.

Alivaa miwani akaingia katika mipangilio ya simu kama alivyokuwa akisahihisha madaftari, ukurasa kwa ukurasa. Huko akakuta neno la Kifaransa, itinérance. Alilijua vizuri: ni kuhamahama. Yeye aliyehamishwa na kila jeshi lililopita Kivu hakuona sababu ya kumlisha mhamaji mwingine. Akaizima. Kisha, kwa kuwa hakuamini kitu kinachozimwa mara moja tu, akaenda mbali zaidi: mahali ambapo simu hujitafutia mtandao yenyewe, akaiondoa kwenye automatique, akaiweka manuel, yaani kwa mkono, akaifunga kwa kampuni moja ya nyumbani. Toka siku hiyo simu isipoukuta mtandao wa nyumbani, inanyamaza. Ya Valérie aliifunga vilevile, mbele yake, huku akimueleza.

"Na nikiwa kweli Rwanda?" Valérie aliuliza.

"Utakuwa unaenda Rwanda kufanya nini?"

Habari ilienea. Jumapili baada ya misa watu walimletea simu zao, naye alikaa kwenye benchi nje ya kanisa na kuzifunga moja moja. Hakutoza kitu. Alitaka tu wamsikilize mpaka mwisho, na kwa mwalimu aliyestaafu hayo ni malipo makubwa. Aliwapa na sheria ya pili: namba ya ng'ambo usiyoijua usiipokee, maana anayekupigia hivyo ni mwizi au ni muombaji. Kufikia mwaka 2021 alikuwa amefunga simu zaidi ya arobaini.

Mtu mmoja alikataa. Nshobole, jirani yake, fundi wa chukudu, zile toroli za mbao zinazobeba viazi na makaa, alirudisha simu yake mfukoni.

"Papa Mwalimu, wacha yangu itembee," alisema. "Mimi mwenyewe sina nafasi ya kutembea."

Grégoire aliwaambia watu kwamba Nshobole ni mutu wa kulala mlango wazi.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mwaka huohuo, volkano ya Nyiragongo ikapasuka. Lava ilishuka ikasimama karibu na uwanja wa ndege, watu wakashukuru Mungu, kisha ardhi ikaanza kutetemeka. Ilitetemeka siku nne mfululizo, vikombe vikicheza kabatini. Jumatano Valérie alikwenda Birere, mtaa ulio mpakani, kwa mdogo wake Umuhire, asiye na simu, ambaye nyumba yake ilikuwa imepata ufa na mtoto wake alikuwa na homa. Alhamisi asubuhi redio ikatangaza kwamba mji uhamwe.

Grégoire alikuwa tayari njiani, katikati ya pikipiki, magodoro na mbuzi, simu yake ilipokubali kushika.

"Valérie, uko wapi?"

"Niko na Umuhire na batoto. Batu banatusukuma kwenye barrière, tunaingia Gisenyi. Weye?"

"Njia ya Sake."

"Basi endelea, usigeuke. Tutapigiana."

"Tutapigiana," alisema Grégoire, na wakaachana kwa utulivu wa watu wenye simu mbili nzuri.

Sake alipokelewa na mjane mmoja, Mama Héritière, aliyekuwa amegawa baraza lake kwa wageni kumi na mmoja bila kuuliza jina la mtu. Grégoire alipata nafasi karibu na ukuta. Akapiga. Mwanamke wa ndani ya simu akamwambia kwa Kifaransa safi kwamba mtu anayemtafuta hapatikani. Akapiga tena baada ya kula, na tena kabla ya sala.

Aliposhika simu mara ya saba, aliirudisha mfukoni bila kupiga. Alikuwa ameelewa. Valérie yuko Gisenyi na simu nzima, yenye chaji, inayotafuta kampuni moja tu ambayo haiko pale. Hakuna volkano iliyoiziba. Alikuwa ameiziba yeye, mezani kwake, akiwa na miwani na chai pembeni.

"Bado?" Mama Héritière alimuuliza.

"Bado."

"Pole, papa. Pengine ni betri."

"Pengine ni betri," alisema Grégoire.

Wengine waliokuwa barazani nao walikuwa na ndugu zao Gisenyi. Siku ya pili mwanamke mmoja wa Katoyi alisema kitu kinamshangaza: watu wa Himbi waliovuka wanapatikana, wa Birere wanapatikana, wa Katoyi ndio hawapatikani, karibu wote.

"Ni kama batu ba Katoyi bamemezwa," alisema.

Grégoire alisimama akaenda kutazama sufuria ya maharagwe, ingawa haikuwa zamu yake.

Na wezi nao hawakumpa nafasi. Tangu Alhamisi jioni namba moja ya Rwanda ilikuwa ikimpigia. Aliikata. Ikapiga tena, akaikata. Ijumaa ilipiga mara tisa, mara nyingine akiwa katikati ya kumpigia Valérie, na alikasirika kuona jitu lisilo na haya likimzibia njia.

"Bezi ba siku hizi habana roho," alimwambia Mama Héritière. "Hata wakati wa volkano."

Jumamosi aliiweka ile namba kwenye orodha ya waliozuiwa, na kwa mara ya kwanza tangu afike Sake akahisi kwamba kuna jambo moja amelifanya sawasawa.

Siku zikapita. Mwanamke wa ndani ya simu hakubadili neno. Grégoire alianza kufikiri mambo mengine: kwamba pengine si simu tu; kwamba barrière watu walikanyagana, yeye mwenyewe alisikia; kwamba Valérie ana miaka sitini na moja na goti baya. Alilala kidogo. Alimkumbuka alivyouliza, na nikiwa kweli Rwanda, na alivyomjibu.

Jumanne jioni watu wa sala walikusanyika uani. Mama Héritière alikuwa na karatasi ya majina ya waliopotea, akayasoma polepole, akiacha nafasi baada ya kila jina. La nne lilikuwa Nyirakamana Valérie. Hakuna aliyekuwa amemuuliza Grégoire kama liandikwe. Waliliandika kwa huruma tu. Aliinamisha kichwa pamoja na wengine, na katika ile nafasi iliyoachwa baada ya jina akatambua kwamba anamjua mtu mmoja wa Katoyi ambaye simu yake haikufungwa.

Alitoka nje ya ua. Akakaa juu ya jiwe dakika nyingi. Kisha akampigia Nshobole.

Nshobole alipokea mlio wa kwanza haujaisha.

"Papa Mwalimu. Uko muzima?"

"Niko muzima. Weye uko wapi?"

"Gisenyi, ku masomo moja, tunalala mu madarasa, tuko bengi. Simu ilinikaribisha mbele batu habajanikaribisha."

Grégoire aliyameza hayo.

"Nshobole, niko na neno la kukuomba. Mama Valérie simuoni. Kama unaweza kuzunguka kidogo, uulize..."

"Mama Valérie tunaonana ku maji kila asubuhi," Nshobole alisema. "Yeye ndiye anakutafuta. Anasema umekufa ama umeoa. Siku sita anakupigia na namba ya hapa. Kwanza ulikuwa unakata. Sasa haiiti hata. Na mimi sina unité za kupiga, niko na za kupokea kidogo tu."

Grégoire aliishusha simu sikioni, akafungua orodha ya waliozuiwa, akaitazama ile namba moja.

"Papa Mwalimu? Uko?"

"Niko."

"Ngoja nimuite."

Alisikia nyayo, vitoto vikilia, mtu akicheka mbali. Kisha sauti yake.

"Grégoire."

"Valérie."

"Ni mimi, mwizi wa Rwanda."

Valérie alimngoja aseme, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Tulifika hapa, simu yako ile uliyofunga ikanyamaza," aliendelea. "Nikanunua laini ya hapa na kasimu kadogo, kwa mama anauza barabarani. Mutu wa kwanza kupigia ni weye. Ukakata. Nikamwambia Umuhire, huyo si Grégoire, huyo ni mutu aliyemuua akachukua simu yake. Nikalia siku mbili."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Si weye ulitufundisha?" Sauti yake ilitetemeka kidogo, kisha akaikaza. "Sasa sikiliza. Hapa uani tuko batu ba Katoyi karibu makumi matatu, simu zetu zote bubu. Kila siku bananiuliza, bwana yako alifunga namna gani, na inafunguliwa namna gani. Mimi sikusikiliza mpaka mwisho. Baeleze."

Kwa hiyo Mwalimu Grégoire, juu ya jiwe huko Sake, alitoa somo lake la mwisho kuhusu itinérance. Nshobole aliweka simu kwenye spika, akaiinua juu.

"Ingieni Paramètres," alisema Grégoire. "Kisha Réseau mobile. Hapo mutaona neno manuel. Sababu tuliweka manuel ni kwamba mawimbi ya minara, kwa kawaida yake..."

"Mwalimu anasema muzirudishe vile zilikuwa," Nshobole aliwatangazia kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja.

Halafu Grégoire akasikia, kwa mbali, kengele moja ya ujumbe, kisha nyingine, kisha nyingi pamoja, simu za parokia nzima zikikaribishwa Rwanda. Mtu alipiga makofi. Mwanamke alianza kusema kwa nguvu, mama, mama, ni mimi, niko, na sauti yake ikafunikwa na nyingine. Grégoire aliendelea kueleza habari ya minara, lakini aligundua kwamba hakuna anayesikiliza, na hakuumia kama alivyotarajia.

"Nshobole," alisema, "nakushukuru. Na lile neno nililosema juu ya mlango wako..."

Simu ikakatika. Unité za Nshobole zilikuwa zimekwisha; aliyeko ugenini hulipa hata kupokea, na Grégoire kwa miaka miwili alikuwa amewafundisha watu jambo hilohilo.

Barazani walimuuliza amepata nini. Angeweza kusema ilikuwa betri. Alisimama mbele yao akasema kwamba Valérie yuko hai, na ndugu zao wa Katoyi nao wapigiwe sasa hivi watapatikana, na kwamba aliyewanyamazisha ni yeye. Yule mwanamke aliyesema wamemezwa alimgeukia.

"Weye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kwa mapenzi mema."

Mwanamke alikuwa tayari anapiga. Mama Héritière alichukua karatasi yake na kalamu, akaanza kufuta majina, akimuuliza Grégoire kila jina kama huyu naye alipita kwenye benchi lake.

Siku mbili baadaye watu walianza kurudi mjini bila kungoja ruhusa. Grégoire alipata lifti ya lori la kabichi, kisha akatembea mpaka Grande Barrière, kituo kikuu cha mpaka. Alisimama juani saa mbili nzima. Valérie alitokea akichechemea, kitenge begani, akibishana na askari wa uhamiaji juu ya karatasi ambayo kila mtu mbele yake alipita bila kuulizwa.

"Umekonda," alimwambia Grégoire alipomfikia.

"Weye hapana."

"Banyarwanda banajua kupika maharagwe." Kisha akamshika shati kifuani kwa mkono mmoja, akaliachia, akalinyoosha.

Walitembea kuelekea nyumbani. Maduka yalikuwa yamefungwa na mji ulikuwa na ukimya wa Jumapili, ingawa ilikuwa siku ya kazi. Grégoire alinyoosha mkono taratibu.

"Lete simu yako niangalie kama imekaa vizuri."

"Usiiguse," alisema Valérie.

Ardhi ilitetemeka kidogo, wakasimama mpaka ikatulia, wakaendelea. Katoyi waliikuta nyumba imesimama, ufa mmoja tu juu ya mlango. Grégoire alifungua, na harufu ikawapiga usoni kabla hawajaingia. Valérie alifunika pua kwa kitenge.

"Grégoire. Uliacha nini ndani?"

Alifikiri. Alhamisi asubuhi, kabla ya redio, alikuwa ameloweka sombe, yale majani ya muhogo, na samaki.

"Uliloweka samaki, ukafunga madirisha yote, ukaenda," alisema Valérie.

"Nilifikiria wezi," alisema Mwalimu, akapita kwenda kuichukua sufuria.